Kabla ya Kuuliza Dawa, Pima Maji: Hotuba kwa Wafugaji wa Aksolotli

Ndugu wafugaji, vijana kwa wazee, na ninyi wazazi mlioburutwa hapa na watoto wenu, nawasalimu kwa heshima zote.

Niende moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote huja na picha. Mtu ananitumia picha ya aksolotli mwenye kitu cheupe kwenye matamvua, yale anayopumulia majini, kama pamba iliyonasa, na chini yake maneno mawili tu: "Dawa gani?" Nami namrudishia maswali. Maji yana nyuzi ngapi za joto? Amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wake, inasomaje? Mara ya mwisho ulibadilisha maji lini? Wengine hununa. Wamekuja na mgonjwa, mimi nawauliza habari za maji. Leo nitawaeleza kwa nini siachi kuuliza, kisha dawa nitawapa, maana zipo na zikitumiwa vizuri zinaponya.

Tumjue kwanza mgonjwa wetu. Aksolotli ni salamanda ambaye hageuki kuwa mnyama wa nchi kavu kama ndugu zake wengi. Anakaa majini umri wake wote, matamvua yakiwa nje ya kichwa, matatu kila upande. Kwao ni Mexico, kwenye maziwa ya Xochimilco na Chalco. Chalco lilikaushwa, Xochimilco limebaki mifereji, na aksolotli wa huko porini wako ukingoni kabisa mwa kutoweka. Tunaowafuga majumbani, sehemu kubwa ya damu yao inarudi kwenye kundi la wanyama 34 waliofikishwa Paris mwaka 1864. Hiyo ni historia, na mtu anaweza kuizungumza mchana kutwa. Mimi ninachotaka mkishike ni mwinuko. Maziwa yale yako zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni ya baridi. Kwa hiyo mnyama huyu anataka nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ishirini anavumilia. Zikipita 22 na kubaki huko kwa siku kadhaa, anaanza kukataa chakula, kinga yake inashuka, na maji yenyewe yanakuwa na oksijeni kidogo kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi. Akwariamu inayompendeza samaki wa ukanda wa joto inamchemsha aksolotli polepole.

Sasa kile kitu cheupe cha kwenye picha. Mara nyingi ni Saprolegnia. Sote tunamwita fangasi, na mimi nitaendelea kumwita hivyo, lakini wanabayolojia wanamweka mbali na fangasi halisi: ni ukungu wa maji, na kiukoo yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko na uyoga. Ningeliachia darasani jambo hili kama lisingegusa mfuko wa dawa. Kuta za seli zake ni za selulosi zaidi, na hana ergosteroli, ile mafuta ambayo dawa nyingi za fangasi za binadamu zimetengenezwa kuishambulia. Basi ile krimu ya fangasi wa vidole iliyoko kabatini kwako irudishe kabatini. Haitamfanya lolote ukungu huyu, ila yaliyochanganywa ndani yake yatapenya kwenye ngozi ya mnyama. Ngozi ya amfibia hunywa karibu kila kilichomo majini.

Spora, yaani mbegu za ukungu huu, hazihitaji kualikwa. Zinaogelea zenyewe, na zimo karibu katika kila maji baridi, yawe ya mtoni au ya kwenye tangi lako safi. Mtu yeyote anayefuga ameshamwona akiota, pengine bila kujua. Acha kipande cha nyungunyungu kisahaulike nyuma ya jiwe. Siku moja au mbili baadaye kivute kwa koleo ukitazame karibu: kimezungukwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimesimama pande zote na zinayumba na mkondo wa maji. Ukikitoa nje ya maji zinalala zote kwa pamoja na kuwa utando wa kijivu usioeleweka. Ni yuleyule wa kwenye matamvua. Kazi yake ni kula kilichokufa, na majini ni kazi ya maana. Aksolotli mwenye ute mzima mwilini anaishi naye tangi moja miaka na miaka bila kuguswa.

Kwa hiyo ukimwona ameota kwenye mwili wa mnyama aliye hai, kuna mlango uliofunguliwa. Milango ninayoijua mimi haizidi mitatu. Wa kwanza ni jeraha: aksolotli wawili wachanga wametiwa tangi moja na mmoja kamng'ata mwenzake mguu, au kuna pambo lenye ncha kali. Wa pili ni joto. Wa tatu ni maji machafu, na hapa simaanishi maji ya rangi ya tope. Maji yanaweza kung'aa kama kioo yakawa na amonia ya kuunguza matamvua. Tena amonia huzidi makali kadiri joto na pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, zinavyopanda, kwa hiyo mlango wa pili na wa tatu hufunguka pamoja mara nyingi sana. Mtu akimpaka mnyama dawa kisha akamrudisha kwenye maji yaleyale, wiki mbili baadaye ananitumia picha nyingine.

Kabla ya tiba, hakikisha ni fangasi kweli. Nimeona watu wakimtesa mnyama mzima kwa dawa asizohitaji.

Baadhi ya aksolotli wana vidoti vinavyometameta kwenye matamvua, kama vumbi la fedha. Hizo ni seli za rangi, kazaliwa nazo. Hazina nyuzi wala haziongezeki kutoka jana hadi leo. Kuna pia ngozi inayobambuka: vipande vyembamba kama nailoni vinavyoning'inia mwilini. Hiyo huja baada ya mshtuko wa maji, kwa mfano amonia kupanda ghafla au klorini kuingia. Hapo mnyama hana fangasi bado, ila asipohamishwa leo atakuwa nao. Fangasi wenyewe wana umbo: ni vishada vyenye manyoya, vimesimama, mara nyingi kwenye ncha za matamvua, vidoleni, au palipong'atwa. Kwa aksolotli mweusi vinaonekana toka mlangoni. Kwa mweupe ni taabu, na ninawashauri wenye weupe wamulike kwa tochi kutoka pembeni, kwa muda mfupi tu, kwa sababu hana kope za kufumba.

Wa kuogopa kuliko wote ni yule anayefanana na fangasi na siye. Kuna bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Naye huleta mabaka meupe, lakini yake ni bapa, yana ukijivu au unjano, yamelala juu ya ngozi kama kupakwa, na yanatambaa haraka hasa maji yakiwa ya joto. Ukiona baka limeongezeka kati ya asubuhi na jioni, usihangaike na chumvi wala chai. Huyo anataka antibayotiki iliyoandikwa na daktari wa wanyama, na anaitaka siku hiyohiyo.

Haya, umeshahakikisha ni fangasi. Tufanyeje?

Hatua ya kwanza ni beseni. Beseni la plastiki safi, ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, lenye maji ya kutosha mnyama kuzama kabisa na kugeuka bila kujikunja. Maji yaondolewe klorini. Wako wanaoacha maji wazi usiku kucha ili klorini iruke, na kwa klorini ya kawaida inasaidia, lakini mamlaka nyingi za maji siku hizi hutumia kloramini, nayo hairuki kwa kungoja. Tumieni dawa ya kusafisha maji ya akwariamu. Chagua isiyo na aloe vera; zile zimewekewa samaki, na wafugaji wazoefu wa amfibia huziepuka. Joto la beseni lilingane na la tangi alikotoka, kisha lishuke taratibu kama tangi lilikuwa na joto. Weka beseni mahali penye giza na ubaridi, au lifunike taulo huku ukiacha nafasi ya hewa.

Kila siku maji yote ya beseni yabadilishwe. Yote. Hakuna chujio mle ndani, kwa hiyo mkojo na kinyesi vyake vinageuka amonia palepale alipo. Andaa beseni la pili lenye maji ya joto lilelile, umhamishe, ulioshe la kwanza kwa maji ya moto, likauke. Kazi haizidi dakika chache, na ndiyo nusu ya tiba yenyewe. Fangasi wachache, ncha moja ya tamvua, mara nyingi huondoka kwa maji baridi na safi tu, bila kitu kingine chochote. Mimi huwaomba watu wasubiri siku moja au mbili namna hiyo kabla ya kufika kwenye chumvi, na karibu hakuna anayenisikiliza.

Chumvi, basi. Ndiyo tiba ya zamani na wafugaji wanagombana juu yake hadi leo. Inafanya kazi: chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyuzi za ukungu na kuzinyausha. Shida ni kwamba inamvuta na mnyama pia, ute wake na matamvua yake. Kwa hiyo hapa sitaki makadirio ya macho. Chumvi isiwe na madini joto wala vile vitu vya kuzuia isigande. Vijiko vya chai 2 vya kusawazishwa kwa kila lita ya maji, kwenye chombo cha tatu, si kwenye beseni lake na kamwe si kwenye tangi. Koroga mpaka usione hata chembe moja chini, kwa sababu chembe ikimgusa ngozi inaunguza. Mtie mnyama. Tazama saa. Dakika 10, na hata akiwa ametulia vipi usivuke 15. Usiondoke kwenda kupokea simu. Wengi hutapatapa kidogo mwanzoni kisha wanatulia. Akiendelea kujirusha au akipinduka, mtoe hapohapo bila kujali saa inasema nini, umrudishe kwenye maji yake safi. Mara moja kwa siku inatosha, mbili ndiyo mwisho. Baada ya siku mbili tatu vishada huanza kunyong'onyea na kudondoka vyenyewe.

Nisikieni hapo: vinadondoka vyenyewe. Usivivute kwa koleo. Nyuzi zile zimejisokota kwenye nyama ya tamvua, na ukivuta unang'oa vyote viwili. Ni kweli kwamba aksolotli huotesha upya matamvua na hata mguu mzima, wanasayansi wanamfuga kwa ajili hiyo, lakini huo si uhalali wa kumchuna. Jeraha jipya ni shamba jipya la ukungu.

Wasiopenda chumvi hutumia chai. Ni chai nyeusi kavu, isiyo na tangawizi, hiliki wala ladha nyingine, inachemshwa, inaachwa ipoe kabisa, kisha inachanganywa kwenye maji ya beseni mpaka yawe na rangi hafifu ya kahawia. Tanini zake zinakaza ngozi kidogo na ukungu haupendi. Majani makavu ya mti wa mkungu hufanya kazi ileile kwa utulivu zaidi, na yanaweza kukaa ndani ya tangi lenyewe. Yaokotwe mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa, yaoshwe vizuri. Sitawadanganya kwamba majani au chai vitaondoa ukungu ulioshika sana. Kwa ngozi iliyochubuka na kwa mnyama aliyechoka na chumvi, navipenda.

Kisha ipo methilini bluu. Hii ni dawa hasa, na kwa maoni yangu ni bora kuliko chumvi kwa mnyama mwenye fangasi wengi, kwa sababu haimkaushi. Lakini chupa hutofautiana nguvu, kwa hiyo kipimo cha rafiki yako hakikuhusu. Soma lebo ya chupa yako, na kwa kuwa zimeandikiwa samaki, wafugaji wengi huanza na nusu. Beseni tu. Ukiimwaga kwenye tangi inaua bakteria wa chujio wanaoiondoa amonia, nawe umejitengenezea tatizo la amonia kwa mikono yako. Itatia rangi beseni, vidole, na nguo uliyovaa.

Dawa moja kwa wakati mmoja. Anayetia chumvi asubuhi, chai mchana na bluu usiku anamtibu hofu yake, si mnyama. Dawa zenye shaba ziacheni kabisa, na kadhalika zenye kijani cha malakaiti au fomalini. Zinazotumika kwa samaki zinaweza kumuua amfibia.

Mtaniuliza kuhusu friji, najua. Wako wanaomweka aksolotli mgonjwa kwenye friji, nyuzi 5 hadi 8, ukungu upunguze kasi. Unapunguza kasi kweli. Ila na kinga ya mnyama inapunguza kasi, na tumbo halisagi chakula. Mimi naiachia daktari aamue. Maji ya nyuzi 15 au 16 yanatosha kwa wagonjwa wengi.

Na daktari aitwe lini? Fangasi wakizidi kuenea baada ya siku tatu au nne za tiba. Mnyama akiwa amekataa chakula na anaelea bila kuweza kushuka. Wakiwepo vidonda vyekundu, au mabaka yale bapa niliyoyasema. Tafuta daktari aliyezoea amfibia, maana wapo madaktari hodari wa ng'ombe na paka ambao hawajawahi kumshika huyu. Nenda na maji ya tangi kwenye chupa safi, na umtajie kila ulichokwisha kumtia. Kila kitu, hata kile cha aibu. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa anayelia hata sauti hana.

Wakati mgonjwa yuko kwenye beseni, tangi nalo lisikae likimngoja vilevile. Pima. Amonia isome sifuri; na zile zinazotokana nayo bakteria wakishaigeuza, nitriti iwe sifuri, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita, pH iwe kati ya 7 na 8. Ukikuta amonia ilhali tangi lina miezi, uliza nini kimeua bakteria: chujio lilioshwa kwa maji ya bomba? Umeme ulikatika saa nyingi? Sponji ya chujio isuuzwe kwenye maji ya tangi lenyewe yaliyotolewa, basi. Usilimwage tangi lote na kulisugua, utaanza moja.

Kwa wale ambao bado hawajanunua mnyama, na nawaona wengi mstari wa mbele: tangi linahitaji wiki 4 hadi 8 likiendeshwa tupu, likilishwa amonia kidogo kidogo, mpaka bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati wawe wamekaa. Wauzaji wengi hawatawaambia hivyo kwa sababu mnunuzi anayengoja miezi miwili anaweza kubadili nia. Fangasi wengi ninaowaona kwenye picha wako kwenye matangi ya chini ya mwezi mmoja. Tangi lenyewe lisipungue lita 75 kwa mnyama mmoja, na siku hizi wengi tunapendekeza lita 110. Mkondo wa chujio uwe wa taratibu. Aksolotli anayekunja matamvua mbele na ncha ya mkia kama ndoana anakwambia hajatulia, na hilo utaliona siku kadhaa kabla ya pamba yoyote. Mabaki ya chakula yatolewe siku ileile. Changarawe achana nazo, anazimeza. Anayeletwa mgeni akae peke yake mwezi mzima kwanza.

Joto kwa wengi wetu ndilo gumu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hadi nne, ila maji yanapungua haraka, yajazwe. Chupa za barafu zinasaidia siku ya dharura. Kama mpango wa kila siku zinampandisha na kumshusha, naye anachoka. Kama nyumba yako ni ya joto mwaka mzima na huwezi kumudu mashine ya kupoza maji, ushauri wangu ni mfupi na hautapendwa: fuga mnyama mwingine.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Mama mmoja anauliza kuhusu mayai, kwamba jike lake limetaga na mayai mengine yameota manyoya. Mama, hayo yenye manyoya yalikuwa yamekufa au hayakurutubishwa. Yanakuwa meupe yote, wakati yenye uhai yana kiini cheusi au cha rangi kinachobadilika umbo. Yatoe moja moja kwa kijiko au kwa bomba la dawa lisilo na sindano, kila siku, kwa sababu nyuzi huvuka kutoka yai bovu kwenda kwa jirani. Methilini bluu kidogo sana kwenye chombo cha mayai huzuia, mpaka yatakapoangua. Na fikiria kama kweli unataka mamia ya watoto wanaong'atana miguu.

Nimemaliza. Wenye maji yao kwenye chupa waje nayo mezani, vipimo ninavyo. Ahsanteni kwa kunisikiliza.